Chokaa ya Mama Ayanle

Rahmo, ambaye mtaani walimwita Mama Ayanle, alikuwa mwanamke wa kusamehe. Akimkosea mtu, alitangulia kuomba radhi; akikosewa, alisema Mungu anaona, akaendelea kupepeta mchele wake. Tangu aletwe Garissa kutoka Balambala akiwa bibi arusi, majirani hawakuwahi kumsikia akigombana hata na kuku wa watu. Lakini kulikuwa na neno moja lililomkaa moyoni kama mwiba wa mgunga kisiginoni. Ukienda polepole unausahau, ukikanyaga vizuri unakukumbusha. Neno hilo alilisema Nurto, dada wa mumewe.

Nurto alikuwa mfugaji wa Griftu, huko Wajir, mwanamke mrefu, mkavu, aliyewajua mbuzi wake mmoja mmoja kwa sauti. Rahmo na mumewe walipomaliza kujenga nyumba yao ya mawe, alikuja kuiona. Aliizunguka mikono nyuma kama mtu anayekagua ngamia mnadani, kisha akasema, "Dumaashi, hii nyumba gani? Hata mbuzi hageuki kuitazama."

Dumaashi ndivyo Wasomali wanavyomwita wifi, nalo ni neno la mapenzi. Ndiyo maana yale mengine yalipenya kwa urahisi, kama sindano iliyopakwa mafuta. Isitoshe, Nurto hakukubali kulala ndani. Alisema chini ya mabati hasikii kitu, mtu analala kama amezikwa. Akatandika mkeka wake uani, akalala huko mpaka siku ya kuondoka, na mtaa mzima ukaona mgeni wa Rahmo analala nje.

Miaka ikapita. Ikaja mvua ile kubwa ya El Nino, barabara zikakatika, na matope mekundu yakairukia nyumba ya Rahmo mpaka kwenye madirisha. Baada ya mvua ukaja ugonjwa wa mifugo. Barabara ilipofunguka, dereva wa lori kutoka Wajir alileta salamu: Nurto amepoteza mbuzi wake karibu wote, na Jumapili anakuja kukaa kwa kaka yake apumzike. Rahmo alisema inna lillahi, akalia machozi ya kweli. Lakini Mungu amsamehe, macho yalipokauka kitu cha kwanza yalichoona ni ukuta.

"Safari hii," alimwambia mumewe, "dada yako atalala ndani kama watu."

Mumewe, Kerrow, alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali, na Jumamosi na Jumapili zilikuwa zake. Siku hizo alikuwa fundi. Yeye ndiye aliyetengeneza meza yao, ambayo ilisimama vizuri sana ikiegemezwa ukutani, na mlango wa choo, uliofungika kwa nje tu, hata aliyeko ndani ilimbidi akohoe mfululizo. Aliposikia habari ya kupaka rangi alifurahi kupita kiasi. Rahmo alitaja kwa upole fundi mmoja aliyekuwa akipaka madarasa ya shule, lakini Kerrow alisema nyumba ni kama mke, hapakwi na mtu wa nje. Rahmo akaenda kutafuta madebe. Alikuwa ameshaolewa naye, afanyeje.

Wakanunua chokaa na brashi mbili. Jirani yao Jawahir, mama wa kutoka Lamu, akawapa siri ya kwao: kila debe la chokaa tia ngumi moja ya chumvi, ikikauka haiachi unga kwenye nguo za watu. Kerrow alisikiliza kwa adabu. Jawahir alipoondoka, aliingia ghalani akatoka na gunia mgongoni. Ilikuwa chumvi ya ngamia, aliyoinunua akitaka kuwauzia wafugaji, kisha mvua ikaja, wafugaji hawakuja.

Rahmo alimkumbusha kwamba Jawahir amesema ngumi.

"Ngumi moja inashika mwaka," alisema Kerrow. "Gunia litashika mpaka Kiyama."

"Astaghfirullah, mume wangu. Kiyama kina mwenyewe."

Gunia likaingia lote.

Jumamosi yote walipaka. Kerrow alisimama juu ya pipa akapaka juu, Rahmo akapaka chini, na kila Kerrow alipochovya brashi nusu ilimwangukia mkewe begani. Hawakujua kwamba chokaa mbichi haionyeshi weupe. Waliona ukuta umekuwa kama umemwagiwa maji ya kuoshea sufuria, wakapaka tena, kisha wakapaka tena, mpaka adhana ya magharibi ikawaokoa. Mzee Sugow, mwenye ngamia wa maziwa, alipita akasimama, akauliza kama wameipaka tayari au wanaiosha kwanza. Rahmo alijibu kwamba kesho ina Mungu wake. Alilala mgongo ukimuuma, akiomba dua moja tu, ukuta uwe mweupe.

Mungu ni mkarimu. Alfajiri, alipotoka kutawadha, nyumba ilikuwa inang'aa kama yai. Rahmo alitamka mashallah, akaenda kuswali, na katika swala akajitahidi asiufikirie ukuta. Ndipo aliposikia sauti huko nje: kwaru, kwaru, kwaru, kama watu wengi wanaopiga msasa.

Walikuwa mbuzi. Mbuzi wa mtaa wao na wa mitaa ambayo Rahmo hakuijua, wamejipanga ubavu kwa ubavu, wamefumba macho, wanalamba. Kerrow alitoka na kikoi chake chenye madoa ya chokaa, akawafukuza upande wa mbele, wakahamia nyuma. Akawafukuza nyuma, akakuta mbele wamekuja wapya. Akaumwagia ukuta maji ili yaoshe utamu, na chumvi ikalainika ikazidi kuwa tamu. Punda wa muuza maji alipofika usawa wa dirisha aliacha njia pamoja na mkokoteni, akajiunga, na mwenyewe akavuta kamba huku akiilaani nyumba. Kisha akaja ngamia wa mzee Sugow. Huyo alianzia pale mbuzi walipokomea.

Rahmo alishika fimbo, lakini akimtazama mbuzi jike aliyekonda kwa ule ugonjwa, mkono haukuinuka. Alikaa kizingitini. Weupe ulikuwa unapanda juu, na chini ukuta ulikuwa kama ulivyokuwa, ila sasa una mate.

Lori lilifika baada ya adhuhuri. Nurto alishuka na furushi dogo. Alikuwa amepungua, na kwa mara ya kwanza hakutembea mikono nyuma. Rahmo alikwenda kumlaki, uso unawaka kwa haya, maneno ya kuomba radhi yamejaa mdomoni. Wakakumbatiana, wakapeana pole. Kisha Nurto akatazama juu ya bega la wifi yake, akaona.

Aliweka furushi chini, akaenda akamshika mbuzi mmoja sikio, akamfungua mdomo, akatazama ulimi, akamwachia. Akakwaruza ukuta kwa ukucha, akaonja.

"Chumvi ya ngamia," alisema. "Nani ametia?"

Kerrow alitazama viatu vyake. Nurto alimtazama kaka yake, akaitazama nyumba, akamtazama ngamia aliyenyoosha shingo kama anayesoma tangazo. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukuta asianguke.

Rahmo hakujua neno lilitoka wapi, kwa kuwa hakulipanga. Alisema taratibu, "Dumaashi, siku ile ulisema hata mbuzi hageuki kuitazama."

Kicheko cha Nurto kikashuka polepole. Aliwatazama wale mbuzi, mbuzi wa watu, wazima, wanatikisa mikia.

"Nilisema," alijibu. "Wangu wangekuwepo, wangeimaliza mpaka mabati."

Rahmo akamshika mkono. Ule mwiba alioubeba miaka yote aliutafuta, asiuone.

Jioni Nurto aliomba mkeka wake. Rahmo alimpa, moyo umeshuka, akampisha apite kwenda uani. Nurto hakupita. Aliingia chumbani, akaegemeza kichwa kwenye ukuta wa upande wa barabara, akasikiliza kidogo, kisha akatandika papo hapo, kichwa karibu na ukuta. Huko nje wachelewaji walikuwa bado kazini: kwaru, kwaru, kwaru.

"Hapa nawasikia," alisema. "Funga mlango, dumaashi, kuna vumbi."

Jumamosi iliyofuata Kerrow aliamka mapema, akachukua brashi, akasema safari hii hatatia chumvi hata punje. Nurto alitoa kichwa dirishani akamwambia aiache nyumba ilivyo kwanza.