Kikapu cha Daktari wa Kichina

Kambini waliniita Mchina. Si kwa ajili ya sura, maana sura yangu ni ya mama yangu mtupu, kuanzia pua mpaka masikio. Waliniita hivyo kwa sababu daktari Mchina ndiye aliyenitoa tumboni, na kambi ya wakimbizi haina siri. Mama alikuwa na uchungu siku mbili, mimi nimekaa vibaya, mkunga ameshakata tamaa. Gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya mkoa, na huko walikuwepo madaktari waliotumwa na serikali ya China. Kundi moja lilikuwa likikaa kwa muda, likaondoka, likaja jingine. Yalikuwa mapatano ya China na Tanzania. Sisi Warundi tuliokuwa tumehifadhiwa pale hatukuwa upande wowote wa meza ile, lakini matunda yake tuliyala.

Mama hakulijua jina la daktari. Anakumbuka mikono yake na maneno mawili ya Kiswahili aliyoyaweza: "Pole, mama." Aliyasema kabla ya kupasua, akayasema tena baada ya kushona. Mama husema mimi nilizaliwa katikati ya pole ya kwanza na pole ya pili.

Kwetu, mtu akikutendea jambo kubwa, huishii kumshukuru kwa mdomo tu. Unarudi kwake na kikapu chenye kitu ndani. Naye akikupokea, siku nyingine anakirudisha kikapu na chake ndani, maana chombo hakirudi kitupu. Kikirudi, unajua shukrani imefika. Mama alisuka kikapu chenye kifuniko kwa nyasi na nyuzi za bluu alizochomoa kwenye magunia ya chakula cha msaada, akakijaza maharage, akaomba kibali cha kutoka kambini, akanibeba mgongoni mpaka hospitali. Akaambiwa daktari wake amesharudi kwao. Daktari mwingine, Mchina vilevile, alikuwa amesimama palepale mlangoni, lakini mama alimtaka wa kwake. Akarudi na kikapu.

"Nilikuwa mjinga," aliniambia baadaye. "Yule alikuwa ndugu yake. Ukimpa ndugu, umempa mwenyewe."

Basi kikapu kikawa mtu wa nyumbani. Nilipokuwa kijana, Wachina walikuja kujenga barabara ya lami upande ule, nasi watoto wa kambi tukaenda kuwatazama wakila wamechuchumaa kando ya mashine zao. Mama alitaka nikipeleke. Nikakataa, kwa sababu wenzangu wangenicheka: Mchina kaenda kwa wajomba zake! Tulipopata safari ya Marekani, kila mmoja alipewa mfuko wa kubebea vitu vyake. Mama akaacha masufuria, akachukua kikapu.

Louisville nilipata kazi ya ghala, kupakua maboksi. Mwaka mzima nilisoma neno China kwenye maboksi mara nyingi kuliko nilivyosoma Biblia. Viatu, taa, vikaango, miti ya Krismasi. Nilimwambia mama kwamba nchi ya daktari wake ndiyo inayowavisha Wamarekani na kuwawashia taa. Akafurahi kama mtu aliyesikia mtoto wa jirani amefaulu mtihani. Wiki ile ile alimsimamisha mzee mmoja sokoni akampigia magoti. Mzee yule alikuwa Mvietnamu, mkimbizi kama sisi, akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwa upole kwamba kati ya nchi yake na China kuna mengi, na kwamba salamu hizo yeye hawezi kuzifikisha.

Kisha tukahamia Columbus, tukapanga nyumba ya zamani mtaa wa Linden. Nje ya mji kulikuwa na kiwanda cha vioo cha Wachina. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dunia imegeuka. Nilizoea kuona China ikija Afrika kujenga. Sasa ilikuwa imekuja Marekani, imefungua kiwanda, na mimi Mrundi nafundishwa kazi na Mchina katika nchi ya Mmarekani. Fundi aliyenifundisha alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye kovu kidoleni. Tulizungumza kwa simu yake iliyotafsiri. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto kijijini kwao hapakuwa na umeme, walikula viazi vitamu asubuhi na jioni mpaka leo hataki kuviona. Sasa treni ya mwendo kasi inapita karibu na nyumba ya mama yake. Nilimtazama nikajisemea: kumbe hawa nao juzi tu walikuwa kama sisi. Sijui kama kuna jambo lililowahi kunitia moyo kuliko viazi vile.

Mama aliposikia habari za huyo fundi, hakunipa nafasi ya kupumua. "Mpelekee kikapu."

Nilikipeleka, kimejaa maharage. Wakati wa chakula nilimnyooshea kwa mikono miwili, nikaanza kueleza habari ya mama. Fundi akarudi nyuma, akatikisa mikono yote miwili, hapana, hapana, hapana. Wenzetu wa meza ya pili wakageuka kutazama. Kwetu kumkatalia mtu kikapu ni kama kumtemea mate. Damu ilinipanda. Nikafunika kikapu changu, nikaenda nacho kwenye maegesho, nikakitupa katika buti ya gari chini ya vifaa vya tairi. Nilisema maneno juu ya Wachina ambayo leo nayaonea haya.

Nyumbani mama alikuwa ananingoja mlangoni. "Amepokea?"

"Amepokea," nikasema.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Aliimba.

Baada ya majuma machache, mafundi wawili Wachina waligombea mfuko wa matunda mbele yangu. Huyu anasukuma, yule anakataa. Anasukuma tena, anakataa tena. Mara ya tatu yule aliyekataa akaupokea kwa mikono miwili, wote wakicheka. Nilimuuliza Mkongomani mmoja, mzaliwa wa Uvira, aliyekuwa kiwandani kabla yangu.

"Donc, ndugu, weye uliachaka mbio sana," akaniambia. "Bale batu, ukibapa kintu, banakataa kwanza. Ni eshima yabo. Unasukuma, anakataa, unasukuma tena, anapokea. Bon, weye ulikimbia na kikapo yako ku parking!"

Nilikwenda kumtafuta fundi siku ile ile. Muda wake ulikuwa umekwisha, wiki iliyotangulia alikuwa amepanda ndege kurudi kwao.

Uongo wangu ulikuwa na tundu moja ambalo sikulikumbuka. Mama alikuwa akikisubiri kikapu kirudi. Mwezi wa kwanza aliuliza, wa pili akauliza. Nikamwambia fundi amerudi China. Tangu siku ile hakuniita tena Mchina, jina ambalo ni yeye peke yake aliyekuwa amebaki nalo.

Tulipohamia Buffalo, tukanunua nyumba kuukuu mtaa wa Black Rock, karibu na mto. Mimi sasa naendesha gari la kituo cha wazee. Asubuhi nawachukua majumbani, jioni nawarudisha, na mama yangu ni mmoja wa abiria. Kiti cha pembeni yake hukaa mzee Mchina wa Kenmore, mji wa jirani. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Wanapeana karanga. Redioni wanatangaza ushuru, Marekani kaongeza, China kajibu, na nyuma yangu nasikia maganda ya karanga yakivunjwa kwa amani kabisa.

Mwaka huu macho ya mama yalizidi kufifia. Mtoto wa jicho, akasema daktari, upasuaji ni mfupi, baada ya hapo ataona. Tukapewa siku. Mama akakataa.

"Kisu cha kwanza sijakishukuru," alisema akiwa jikoni. "Kikapu hakikurudi. Maana yake hakikupokelewa. Nitaombaje kisu cha pili?"

"Mama, huku daktari hangoji kikapu," nikafoka. "Anangoja karatasi za bima!"

"Huyo anangoja karatasi. Mimi ndiye ninayengoja kikapu."

Nilimtazama akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Mama yangu alikuwa anapofuka kwa sababu ya uongo wangu. Nikatoka mpaka kwenye gari langu, lile lile la tangu Columbus, nikainua vifaa vya tairi, nikarudi na kikapu. Nikamwekea mapajani.

Alikijua kwa vidole. Alipita kifuniko, akapita nyuzi, akafika mahali palipobonyea. Nikamwambia yote: maegesho, hasira, na ule wimbo wa kanisani niliokaa nikausikiliza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umekiminya upande mmoja." Kisha kwa siku mbili alizungumza nami kupitia kwa mke wangu. Mwambie mume wako apunguze redio. Mwambie mume wako chai imepoa. Siku ya tatu akaniambia mwenyewe nimpeleke Kenmore.

Jumamosi tulisimama mlangoni kwa yule mzee, mama amevaa kitenge cha kanisani, kikapu mkononi kimejaa maharage mapya. Mjukuu wa mzee, msichana wa chuo, alitukaribisha akawa mkalimani. Nilieleza kila kitu kwa Kiingereza changu cha kazini, mama akamnyooshea kikapu. Mzee alisikiliza, kisha akatikisa mikono, hapana, hapana.

"Babu anasema yeye hakuwa daktari," akasema msichana. "Alikuwa mwalimu wa hesabu. Afrika hajafika. Anasema hastahili."

Mama hakuhitaji tafsiri. Aliiona ile mikono, kivuli tu labda, lakini aliiona. Akakivuta kikapu kifuani, akaanza kunyanyuka. Uso wake siwezi kuusahau.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Hiyo ni adabu yao. Msukumie tena."

"Amekataa, baba."

"Nami nilidhani hivyo. Msukumie."

Akakinyoosha. Mzee akakirudisha, lakini polepole. Akakinyoosha mara ya tatu, na mzee akasimama, akainama, akakipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea sisi. Akafungua kifuniko, akanusa maharage. Akauliza jambo.

"Babu anauliza, mtoto alipona?"

Mama akanyoosha kidole upande wangu. "Ndiye huyu."

Mzee alinitazama mimi, dereva wake wa kila asubuhi, ninayemfunga mkanda na kumhimiza asichelewe. Akaja akanishika kifundo cha mkono, akakishikilia kwa muda, kama mtu anayesikiliza mapigo. Kisha akamgeukia mjukuu wake, akasema jambo.

"Anasema, basi yule mwenzake alifanya kazi nzuri."

Nililia, na sioni haya kusema. Nchi zina mapatano yake, zina ugomvi wake, na zote nilizozitaja hapa sina la kuzishauri. Ninachojua ni kwamba watu fulani walikaa mezani wakakubaliana kupeleka madaktari mahali wasipopajua, na mimi napumua.

Mama alipasuliwa jicho wiki iliyofuata. Bandeji ilipotolewa, nilimleta nyumbani, akakaa sebuleni akitazama kila kitu, mpaka vumbi. Aliniangalia usoni kwa makini akasema kumbe nimeanza mvi. Kisha akakiona kikapu juu ya meza. Msichana wa Kenmore alikuwa amekileta asubuhi, kimejaa machungwa madogo, upande niliouminya umenyooshwa kwa uzi mwekundu. Mama alikitazama muda mrefu, akachukua chungwa moja, akanirushia.

"Mchina," akasema, "hebu nimenyee, tule."