Fundi wa Njia za Mtandao

Fundi wetu wa mtandao hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, na husema na mashine kwa sauti ya kubembeleza. Matawi ya duka letu la dawa, Newtown na Marshalltown, yalionana kwenye kompyuta na makao makuu hapa Randburg, lakini yenyewe kwa yenyewe hayakuonana. Leo mama mmoja alikwama Newtown: dawa ya kifafa ya mwanawe ilikuwa imeisha tawini hapo, na Jocelyne, muuzaji, hakuweza kuona stoo ya Marshalltown. Fundi akaandika kwenye mashine njia ya data kati ya matawi hayo mawili, ipitie kwetu, kwenda na kurudi. Jocelyne akapiga simu.

"Tunaiona stoo yao! Dawa ipo, wanaileta!"

"Sharp, safi sana, dada," fundi akajibu. "Mtoto anaitwa nani?"

"Glody."

Fundi akatabasamu, akaipa njia ile mpya jina hilo.