Hata Ngozi Hawakutuletea

Habari ya kifo cha rafiki yangu niliipata sokoni Bariadi nikichagua nyanya, tena kwa mwanamke ambaye hata hakuwa akizungumza na mimi. Alikuwa akimwambia mwenzake kwamba yule fundi cherehani mwenye goti lisilokunjika ameteleza bafuni, akagonga kichwa, akasema haumwi, na kulipokucha hakuamka. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, mimi siamini habari mpaka niifuate. Niliziacha nyanya nikaenda mpaka kibandani kwake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka mchana kweupe, jambo ambalo mwenyewe asingeliruhusu, na suruali za watu zilikuwa zimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki zikisubiri wenyewe. Hapo nikaamini. Nikakaa kwenye benchi la wateja nikalia, wala sioni haya kulisema.

Alizaliwa na damu isiyoganda upesi, ugonjwa ambao hospitali wanauita hemofilia. Kwetu hakuna aliyekuwa na jina hilo. Tulichojua ni kwamba wajomba zake wawili, kaka za mama yake, walikufa kwa kutoka damu, mmoja baada ya kung'olewa jino tu, na kwamba yeye mwenyewe tangu utotoni magoti yalikuwa yakivimba bila kupigwa na mtu. Baba yake, mkulima wa pamba upande wa Lingeka, alipoona mtoto hawezi jembe wala kuchunga, alimpeleka kwa fundi mjini akajifunze kushona. Mimi nilimtania sana kwa hilo. Nikamwambia mtu mwenye damu kama yako unachaguaje kazi ya sindano? Akanijibu bila kuinua macho, "Sindano ikinichoma naiona, naibana kwa kidole, yanaisha. Goti linavuja ndani kwa ndani, utalibana wapi?" Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kushuku kuliko mimi, na kwa kweli ndiyo maana tulielewana.

Alikuwa na sababu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa na soko huria, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Shinyanga na mkoa wa Simiyu haujafikiriwa. Kila mwenye kabati la kioo alifungua duka la dawa, akavaa koti jeupe, akaitwa daktari. Wanunuzi wapya wa pamba walikuja na mizani zao. Wakulima wakamwagia pamba maji, wanunuzi wakachezea mizani, kila mmoja akijiona ndiye mjanja. Na UKIMWI ulikuwa umeingia, kwa hiyo hata kuongezewa damu hospitali, tiba pekee aliyoijua, kulikuwa ni kuponea huku na kufia kule. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Rafiki yangu hakuchomwa sindano ya tako, hakuchanjwa chale na mganga yeyote, na hakumeza kidonge bila kumuuliza mwuzaji kama yeye mwenyewe angempa mwanawe. Wengi waliudhika. Lakini aliishi mpaka akaota mvi, jambo ambalo wajomba zake hawakulipata.

Katika miaka hiyo ndipo ilipokuja timu ya watafiti. Walikuwa daktari kijana Mtanzania na wageni wawili, ndani ya Land Rover yenye majokofu madogo. Walikuwa wakitafuta familia zenye watu wa kutoka damu, wachukue damu, wakachunguze jinsi ugonjwa unavyorithiwa na dawa gani zingefaa. Hospitali iliwaelekeza kwao, nami nikaitwa kutafsiri kwa sababu mzee, baba yake, Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu. Mzee aliwasikiliza, kisha akaniambia kwa Kisukuma maneno ambayo nilipata shida kuyatafsiri kwa adabu. "Waulize. Wenzao wananunua pamba, wengine wananunua ngozi. Hawa wanataka damu, na hawanunui. Anayechukua bure ana lake." Wageni walikuwa wameleta mche wa sabuni kwa kila mtu. Mzee aliutazama ule mche kana kwamba una masikio. Nami, niseme ukweli, nilikuwa upande wake. Habari za mumiani wanaonyonya watu damu nimezisikia tangu mdogo, sikuziamini, lakini nililitazama lile jokofu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliyeingia kati ni dada wa rafiki yangu. Alikuwa ametoka jikoni, akapiga goti, akasalimia, akauliza swali moja. "Mimi siumwi. Nikizaa, wanangu wataumwa?" Daktari akamweleza polepole kwamba ugonjwa huu hupita kwa mama hata kama yeye mwenyewe hana dalili, ukawapata wana wa kiume. Inawezekana ameubeba, inawezekana hajaubeba. Wakichukua damu yake na ya kaka yake, wakazilinganisha, watamjibu. Nilimwona yule binti akishika mkono wa kaka yake. Posa yake ilikuwa njiani kutoka Migato, wazee wa kule wangefika baada ya mavuno, na kila mtu pale uani alijua kwamba ng'ombe wa mahari yake ndio ambao kaka naye angeolea. Jibu baya lingewafungia wote wawili mlango.

Rafiki yangu akasema atatoa, na dada yake atatoa, ila kwa sharti. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi huweka baadhi kwa mwenzake wa mbali. Huyo mwenzake anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa, aliyewekewa lazima alete ngozi, ili mwenye mali aone kwa macho yake kwamba hakuuzwa. "Siwauzii damu," akamwambia daktari. "Naiweka kwenu. Kunyweni maziwa, andikeni vitabu vyenu. Ila dada yangu mleteeni jibu lake. Na kama mkishindwa, njooni mseme mmeshindwa. Leteni ngozi." Nilipowatafsiria wageni walicheka kwa furaha. Daktari kijana hakucheka. Alisimama, akampa mkono kwa mikono miwili, akasema, "Nimempokea ng'ombe wako, kaka." Kwa mkono ule rafiki yangu akalainika. Mtu aliyekuwa akimshuku hadi mwuza chumvi hakuuliza swali ambalo mchungaji yeyote wa kwetu angeuliza kwanza: zizi liko wapi?

Mavuno yakapita. Wazee wa Migato wakaja, binti akawaambia wangoje, kuna jibu linakuja. Baba yake alikasirika mpaka akahama kulala nyumba ya pili. Jibu halikuja. Mwishowe tulipanda basi mimi na rafiki yangu, goti lake limefungwa kitambaa, tukaenda hadi ile hospitali kubwa ya mjini walikosema wanatoka. Kwenye maabara tulipokelewa na mama mmoja mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Alisema mradi umekwisha. Daktari amekwenda masomoni. Sampuli zilisafirishwa.

"Zilisafirishwa wapi?" akauliza rafiki yangu.

"Nje."

"Nje ni kwa nani?"

Yule mama akatabasamu, akasema kwa kweli hajui, yeye alikuta zimeshaondoka. Tukashukuru, tukatoka. Tulipokaribia nyumbani akaniambia, "Ng'ombe akiibiwa tunafuata kwato. Hii damu haina kwato." Mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye. Nina hasira mpaka leo, maana tangu wakati ule nimesoma magazetini kwamba huko duniani zimepatikana sindano za kuzuia damu isivuje, tena sasa wanazungumzia tiba ya kurekebisha kasoro yenyewe. Sijui kama tone la Lingeka limo katika ujuzi huo. Pengine lilimwagwa kwenye karo mwaka uleule. Mtu asiyeletewa ngozi hana budi kushuku yote mawili.

Nilidhani atamfichia dada yake siri hiyo kwa wakwe, kwa kuwa faida ya kunyamaza ilikuwa yake pia. Badala yake aliwangoja wazee wa Migato warudi na kukaa, akawasimulia kila kitu mbele ya mposaji. Wajomba waliokufa, damu iliyochukuliwa, jibu lisilokuja. Mposaji, kijana mcheshi wa mashamba ya mpunga, akasema, "Hata mtamba ukimnunua mnadani hujui atazaa nini." Binti akamrukia, "Mimi si mtamba!" Watu wakacheka, na kicheko kile kikaokoa siku. Akaolewa, mume akijua. Ng'ombe walipunguzwa, na kaka yake akachelewa sana kuoa. Sikumsikia akililalamikia hilo. Mabinti wa dada walizaliwa salama. Kisha akaja wa kiume, na alipoanza kutambaa magoti yakavimba. Jibu lilikuwa limefika lenyewe.

Mjomba ndiye aliyemlea yule mpwa katika dini yake ya kushuku. Alimfundisha asichanjwe chale, asing'olewe jino mahali pasipojua ugonjwa wake, aulize, aulize tena. Leo huyo mpwa ni mwalimu kule Lagangabilili, na sindano za msaada zikipatikana huko hospitali ya rufaa, anachomwa. Wakati mwingine hazipo.

Sasa sikilizeni kilichotokea msibani. Tumeketi kwenye mikeka, likaingia gari la kliniki. Akashuka daktari wa kike, kijana, na mwenzake. Walisalimia vizuri, wakatoa rambirambi, wakakaa kwa heshima. Baadaye daktari akaeleza kwamba kuna utafiti wa tiba mpya, na mwalimu anaweza kuingia kama yuko tayari. Wangeanza kwa kuchukua damu. Kabla sijafungua mdomo, dada wa marehemu, mwanamke mzima sasa, akauliza, "Yule wa kwanza, ngozi yake mmeileta?"

Daktari hakuelewa. Tukamweleza. Akainamisha kichwa. "Mama, sijui ilikokwenda. Sikuwepo wakati ule. Kwa kweli sijui."

"Wabeja," akasema mama. Asante. "Wewe angalau umesema hujui." Kisha akamgeukia mwanawe. "Utatoa. Lakini hutatolea hapa. Utapanda gari lao, ukaone inapolala, ukamjue anayeichunga, urudi unieleze mimi."

Kuna wasomaji watakaoniandikia kwamba watu wa aina yetu, wanaoshuku, ndio wanaochelewesha sayansi. Nimelifikiria hilo juma zima. Marehemu hakuwahi kuifungia sayansi mlango; aliipa damu yake na ya dada yake. Alikosea mahali pamoja tu, alipoacha kushuku mapema mno, akaridhika na mkono. Mwenye mali haishii kuweka ng'ombe. Huenda kumtazama bila kualikwa, msimu hata msimu, na aliyewekewa haoni hilo kuwa ni tusi. Tukiombwa tena tusikatae. Twende tukalione zizi.

Mpwa alirudi siku ya kuanua matanga. Nilikuwepo. Alimwambia mama yake ameliona jokofu, ameonyeshwa chupa yake, amepewa jina la mtu wa kuulizwa. Mama akaitikia kwa kichwa. "Na ya mjomba wako?"

"Nimeuliza. Wamesema watatafuta."

Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka na fimbo ambayo kaka yake alitembelea miaka yote kwa ajili ya goti, akaiweka mikononi mwa mwanawe.

"Basi mwezi ujao," akasema, "urudi tena ukaulize."