Bawa la Dada Nyangeta

Juzi jirani yangu alichoma takataka uani kwake, na ndani ya zile takataka kulikuwa na kipande cha boksi jeupe, jepesi kama pamba, la aina ile wanayofungia samaki wa kusafirishwa. Harufu yake, tamu kidogo puani kisha chungu kooni, ilipita dirishani ikanikuta namenya viazi. Nilisimama na kisu mkononi. Papo hapo nilikuwa mtaani Nyakato, Musoma, mwanafunzi wa darasa la tatu, nimechutama nje ya chumba cha uani, nachungulia kwenye ufa wa mlango.

Ndani alikuwamo dada yangu mkubwa, Nyangeta. Alikuwa akisomea uhandisi Dar es Salaam, na mtaa mzima ulijivunia hilo kana kwamba ada ililipwa kwa mchango. Lakini mwaka ule alirudi nyumbani wakati vyuo havijafungwa. Hakupiga simu. Tulimwona tu getini na begi lake.

"Mmefunga?" Mama alimuuliza.

"Hapana. Nina mradi, nitaufanyia hapa."

"Sawa," Mama akasema, lakini nikuambie wewe unayenisoma, sawa za Mama zilikuwaga na mkia.

Kesho yake Nyangeta alishuka mwaloni, kule wanakopokelea samaki, akarudi na maboksi yaliyotupwa. Akaomba betri kuukuu ya pikipiki kwa fundi. Akajifungia chumba cha uani, mlango na dirisha. Jioni ilitoka harufu ile ya kuungua, imechanganyika na uvundo wa sangara, hata paka wa majirani wakaja kukaa mlangoni kama wagonjwa wanaomsubiri daktari.

Mtaani kwetu, binti aliyerudi katikati ya muhula na kujifungia ndani alikuwa na sababu moja tu. Mama Sabato, jirani yetu aliyeuza samaki wa kukaanga, hakuitaja. Alisema tu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," kisha akaomba chumvi. Baba alikuwa mgodini Tarime, na nadhani Mama alishaanza kutafuta maneno ya kumwambia akija. Alianza kuhesabu matonge ya ugali aliyokula Nyangeta. Mimi alinituma: "Ukipita pale, angalia dada yako anafanyaga nini."

Nikaangalia, nikaleta habari. Anakata boksi kwa waya unaowaka. Mama akakunja uso. "Waya? Na dirisha kafunga?" Kadiri nilivyomweleza, ndivyo ilivyomwingia kwamba nimefundishwa la kusema.

Asubuhi moja Nyangeta alitoka chumbani akikohoa, akakimbilia kwenye mfereji, akatapika. Mama Sabato alikuwapo. Wakatazamana yeye na Mama. Mchana ule Mama akampigia simu Bibi, kule Butiama.

Bibi alikuja na kifurushi cha unga wa ulezi. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Tulipomaliza kula, akanawa, akauliza mbele yetu wote, "Nyangeta, una mimba?"

"Hapana, Bibi."

"Basi una nini?"

Dada akamshika mkono akampeleka chumbani, na mimi nikaingia nyuma yao. Mezani palikuwa na kitu cheupe, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, kimebandikwa karatasi kwa gundi na kupigwa msasa mpaka kikateleza kama ganda la yai. Ni bawa la ndege, Nyangeta alisema, mfano wake. Chuoni kuna njia ya mbao kama bomba kubwa, mwishoni mna feni inayovuta hewa kwa nguvu. Bawa linafungwa katikati, vyombo vinapima upepo unalinyanyua kiasi gani.

"Sasa dirisha unafungia nini?"

"Upepo wa ziwani unapoza waya, Bibi. Unakata vibaya. Ila moshi ndio unaniumiza."

Bibi alicheka mpaka akakaa kitandani. "Unautafuta upepo huku unaufungia mlango." Alipotoka alimwambia Mama, "Huyu ana kazi, hana mimba." Mama akaitikia vizuri. Kesho yake nilimsikia akimweleza Mama Sabato kwamba wazee siku hizi wanadanganyika upesi.

Bawa lilipokauka rangi, Nyangeta alilifunga kwenye kanga ya Mama, tayari kwa safari ya Dar. Ndipo Mama akatangaza kwamba amemkumbuka sana shangazi yetu wa Mugeta, kule Bunda, na kwa hiyo tungepanda basi hilohilo mpaka Bunda. Nyangeta alimtazama, akaelewa, akaninyoosha kola. Mama alitaka kuona kwa macho yake kwamba mwanawe anakwenda chuo, si kwa mwanamume.

Bunda basi lilisimamishwa, akapanda askari. Alipapasa kanga mapajani mwa dada. "Hiki nini?"

"Bawa, afande."

"Bawa la nini?"

"La ndege. La kufanyia majaribio."

"Ndege gani inasafiri ndani ya kanga?"

Abiria walicheka. Yeye hakucheka. Bunda na mbuga ya wanyama ni pua na mdomo, na mkono wake ulikuwa umegusa kitu kigumu, laini, kilichochongoka. "Fungua. Hizi si nyara?" Weupe ule ulipojitokeza, basi zima likarefusha shingo. Askari akatoa kisu. "Nitachokoa kidogo nione ndani."

"Afande, ukilitoboa halipimiki tena," Nyangeta akasema.

"Kwa hiyo hutaki nione ndani."

Mama akasimama. Akapenya, akaweka kiganja chake juu ya bawa. "Mimi mama yake. Ndani kuna boksi la samaki. Nimemwona akilikata. Nimemwona akilipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Linyanyue kwanza. Likiwa zito, toboa."

Askari alilishika kwa nguvu ya kuinua meno ya tembo, mkono ukaruka juu karibu amgonge kondakta. Akalinusa. "Linanuka samaki."

"Sangara," Mama akasema.

Akafunga kisu. Mimi nilibaki nimeduwaa, maana habari za vidole sikuwahi kumpelekea Mama. Bila shaka nilipokuwa shule alichungulia mwenyewe.

Tuliposhuka, Nyangeta alikuwa ameegemea kioo analia. Nikadhani ni woga wa askari. Kwa shangazi hatukwenda. Mama alininunulia maandazi, tukarudi Musoma.

Lile bawa lilipimwa. Halikunyanyuka kama alivyokuwa amekokotoa, akaulizwa kwa nini, akaeleza, akafaulu. Nimekuwa mtu mzima ndipo aliponisimulia kilichomrudisha nyumbani. Bawa la kwanza alilitengeneza chuoni akiwa na vijana wa kundi lake, nao wakamwambia mwalimu kwamba yeye alishika rula tu. Mwalimu akamtaka atengeneze jingine peke yake.

"Nilishasema ni kazi yangu mpaka nikachoka," aliniambia. "Hakuna hata mmoja aliyesimama akasema, 'Nimemwona.'"

Wa kwanza kulisema neno hilo alikuwa Mama, aliyepanda basi lile kwa kuwa hakumwamini.