Mishumaa Minane ya Mama Sabuni

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikaa mlangoni mwa vyoo vya soko akipokea pesa tangu kabla sijaolewa, na mimi sikuolewa jana. Watu walimwita Mama Sabuni. Jina halikutokana na vyoo, ingawa vyoo vyake vilikuwa visafi kushinda majiko ya watu fulani ninaowajua. Lilitokana na sarafu. Kila jioni alizimwaga kwenye karai, akazisugua kwa majivu, sabuni na ndimu mpaka zikang'aa, akazikausha kwa taulo, kisha akazipanga hamsini hamsini na kuziviringisha ndani ya karatasi ya kalenda. Ukikiona kiviringo kimoja utadhani mshumaa, na mwenyewe aliviita hivyo, mishumaa. Wenye maduka walimfuata wakitaka chenji.

Mimi nilikuwa namcheka. "Wifi, unaziogesha hizo, kwani zinaolewa?"

"Kaoge wewe kwanza, ndiyo uje useme," ananijibu, na mikono yake haisimami.

Sasa, kuna mwaka ilitoka sarafu yenye picha ya samaki. Thamani yake ndogo, lakini ukubwa wake sawasawa na ile inayoizidi mara tano. Basi pale mlangoni ikawa vurugu kila siku, huyu anaapa alitoa kubwa, yule anadai chenji kapunjwa. Serikali nayo ikaona imejitakia balaa, ikaacha kuitengeneza mwaka uleule, baadaye ikaifuta kabisa. Wifi alikuwa amezitenga zisimchanganye. Zikafika mishumaa minane. Akachelewa kuzirudisha benki, zikabaki kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake.

Mwaka huu wenye soko wakatangaza kwamba vyoo vitakodishwa. Atakayetangulia kulipa kodi ya miezi sita, mwisho Ijumaa, ndiye mwenyewe. Kipara, yule mwenye malori, hakuficha kitu. Alisema akivipata ataweka watu wake. Dawa za mama mkwe wangu, aliyelala kitandani mwaka wa tatu, zilitoka kwenye kile kiti cha wifi pale mlangoni, si kwingine. Mume wangu ni fundi viatu na mimi nauza mitumba. Tulichanga tulichonacho, na bado ikawa kama kutia tone kwenye pipa.

Jumatatu mteja alinipa noti kubwa, nikamwaga mkoba wangu mezani nitafute chenji. Sarafu moja ya samaki ikatoka na takataka za chini, nyeusi, imelala humo tangu enzi zake. Mteja akainyanyua kwa ncha za vidole na kuigeuza polepole. Akasema ana duka la stempu na sarafu za kale nyuma ya mahakama, na akainunua papo hapo kwa bei ya koti zuri. Koti zuri, jamani, kwa sarafu isiyonunua hata kiberiti. "Ukimjua mtu mwenye viviringo vizima, mlete," aliniambia. "Vikiwa vizima vina bei kuliko mojamoja."

Sikufunga hata meza vizuri. Nilikimbia hadi vyooni nikamwambia wifi, na tukapiga hesabu kwa kikokotoo cha muuza nyama. Tukapiga tena, maana hatukuamini. Ilitosha kodi ya miezi sita, ikabaki. Wifi alishika ukuta.

Alhamisi tulikwenda. Alivaa gauni lake la harusini na kulipakata kopo njia nzima, kila anayetusogelea anamwona mwizi. Dukani palikuwa na baridi na harufu ya karatasi za zamani. Mwenye duka alitukaribisha vizuri, akatandika kitambaa cheusi, akawasha taa ya mezani. Alipoona mishumaa minane imesimama mbele yake alivuta pumzi.

"Mama, hii hazina," alisema. "Umeitunza wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe," akasema wifi.

Mwenye duka akafungua wa kwanza. Sarafu zilimwagika zikimetameta. Nikatabasamu, mpumbavu mimi, nikidhani kung'aa ni sifa. Yule bwana alichukua moja, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akaileta karibu mpaka inagusa pua. Akaiweka. Akachukua nyingine. Uso wake ulikuwa unabadilika. Akafungua mshumaa wa pili, wa tatu. Kwenye ule wa tano wifi akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna tatizo, baba?"

"Nani kazisugua?"

Wifi akajionyesha kwa kidole.

"Sarafu ikisuguliwa inachunika," alisema. "Hapa naona mikwaruzo tupu. Wakusanyaji hawazitaki. Hata zingekuwa chafu kiasi gani, uchafu wake ndio ushahidi kwamba hazijaguswa. Zingekuwa kama ile ya juzi, leo ningekopa nizinunue."

Mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia kumbe uchafu ndio mali, basi aje achote kwangu bure. Wifi akanikanyaga mguu. Alimwomba afungue yote, na yeye akafungua yote. Hakukuwa na hata mmoja uliopona. Nilimwona wifi akiitazama ile mikono yake miwili kana kwamba ni ya mtu mwingine, na roho iliniuma sana.

"Lakini kwa nini, mama?" yule bwana aliuliza, na nadhani alisikitika kweli. Alikuwa bado ameshika sarafu moja, anaipitisha kati ya vidole. "Kwa nini ukazisugua zote hivi?"

"Zilikuwa za chooni," wifi akasema. "Nakaa mlangoni mwa vyoo vya soko. Mwanzoni muuza mikate alizipokea kwa kipande cha gazeti."

Yule bwana aliweka sarafu chini. Hakuitupa, ni mtu mwenye adabu. Lakini mkono wake ulishuka chini ya meza, na bega lake likacheza, na sote tulijua anajifuta kwenye suruali.

Wifi alimtazama. "Na hizo nimezisugua," alisema.

Bwana yule alishikwa na haya. Akasema haraka kwamba anaweza kuzichukua zote, kuna wanaoanza kukusanya wasiojali mikwaruzo, akataja bei. Ilikuwa ndogo. Wifi akakubali, akanyoosha kiganja. Yule bwana akahesabu noti, akaziweka juu ya meza.

Wifi hakuzigusa. Mkono ulibaki palepale, wazi, juu ya kitambaa cheusi.

"Mkononi, baba," alisema.

Bwana akaziokota noti, akaziweka kwenye kiganja chake, na wifi akaufumba mkono wake juu ya ule wa bwana, akautikisa kama watu waliomaliza biashara, wala hakuuachia mpaka yule bwana aliponyanyua macho.

Zile pesa hazikufika hata kodi ya mwezi mmoja. Ijumaa Kipara alilipa, na Jumatatu kwenye kile kiti alikaa msichana tusiyemjua. Wifi yupo kwangu siku hizi, tunapanga mitumba pamoja na dawa za mama tunanunua nusu dozi. Juzi nilishindwa kujizuia, nikamwuliza kama anajuta.

"Ningezisugua tena," alisema, huku anakunja shati. "Tena kwa stiliwaya ya masufuria."

Alilikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena, kisha akalia.