Mkono Mmoja Kati ya Nati na Ndoana

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na ningependa uisikie kwangu kabla hujasimuliwa na mtu mwingine. Ni siku niliyosimama kwenye lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, samaki watatu wakiwa ndani ya gunia la mzee, vijana wameshika kitabu changu, na mzee mwenyewe, asiye na kosa, akingoja nifungue mdomo.

Bado hujazaliwa. Nina miaka kumi na sita, baba yako simjui, wala sina haraka ya kumjua. Lakini nasaha hutolewa na aliyekosea, si lazima awe na mvi. Mimi nimekosea tayari. Naandika ikiwa bado moto, kwa sababu nikingoja nizeeke nitaipamba.

Nyumbani kwetu ni Laini Saba, Kibera. Kura ya mwisho wa mwaka 2007 ilipogeuka vita vya makabila, mama alikataa kuiacha cherehani yake, lakini mimi alinitoa. Nilivuka kwa miguu na watu wa kanisa letu hadi kwa dada yake, Anti Kalekye, anayepanga chumba Kongo. Anti ana kijana mmoja, Kioko, wa miaka ishirini, aliyekuwa akifanya kazi ya mjengo. Mjengo ulisimama, naye akawa anakaa langoni tangu asubuhi na wenzake waliojiita walinzi wa mtaa. Shule hazikufunguliwa. Maduka yalifunguliwa kwa saa mbili tatu tu, kisha mtu anapiga mbinja na mabati yanashuka. Tulikula sukuma wiki mpaka sukuma wiki nayo ikaisha.

Sasa mwanangu, lazima ujue mama yako ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kuona, si wa kusema. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua vizuri, naanza kuikagua kalamu yangu kana kwamba imeharibika. Yote ninayoyaona nayatia kwenye kitabu, daftari la hesabu la mistari ya mraba. Wakati ule kulikuwa na mengi ya kuona.

Katika chumba cha mwisho, karibu na mfereji wa kuchotea maji, aliishi Mzee Wafula, mtu wa Magharibi, fundi wa mabomba, mjane. Kila alfajiri alitoka na gunia na kisu, amevaa gambuti. Alirudi jua likiwa juu, gambuti zimejaa matope. Sikumuuliza mtu. Niliandika hivi, neno kwa neno: "Anatoka kabla watu hawajaamka. Ana kisu. Leo gunia lilikuwa na damu. Sijui anaenda kwa nani." Nikafunga kitabu, nikakitia chini ya mto, nikalala vizuri kama mtu aliyemaliza kazi.

Siku mbili baadaye nilikuwa mferejini nikichota maji, na Anti yuko nyuma yangu akisuuza sufuria. Mzee Wafula akasimama.

"Mama Kioko, huyu msichana wako ananiangalia kila asubuhi kama anahesabu meno ya mbuzi. Anaitwa nani?"

"Syombua," Anti akajibu, maana mimi nilikuwa naangalia ndoo.

"Syombua kwa Kikamba si ni mtoto wa mvua? Na mimi Wafula ni mtoto wa mvua. Basi sisi ni ndugu, twende majini. Wewe pia, mama. Kuna samaki."

"Samaki Kawangware?" Anti akacheka. "Mluhya akikosa kuku siku tatu anaanza kuona samaki kwenye mtaro!"

Lakini tulienda. Njaa haina maringo. Tulipita njia za nyuma, upande wa Riruta, hadi kwenye kwari ya zamani, shimo ambalo watu walichimba mawe mpaka likajaa maji ya mvua. Mzee alisema mwenye shamba mmoja aliwahi kumwaga samaki humo, wakazaana. Ni aina ile iliyoko Naivasha inayoitwa bass. Ujana wake wote Mzee Wafula aliwaendeshea mashua wageni waliokuja Naivasha kumvua samaki huyo.

"Ana mdomo mpana kama wa mwanasiasa," alisema, "lakini yeye haufungui ovyo."

Anti alikaa juu ya jiwe akaendelea kusuka kiondo chake. Mimi nilipewa ufito, uzi wa nailoni, ndoana na nati kubwa ya lori. Tazama jinsi inavyofungwa, mwanangu, huenda siku moja ukawa na njaa. Ndoana hufungwa kwanza, katikati ya uzi. Uzi unaobaki chini ya fundo haukatwi. Unaurudisha kwenye tundu la ndoana kutoka juu, ili ndoana isimame, ncha ikitazama juu. Mwisho wa uzi huo ndipo unapofunga nati. Nati inatua chini, uzi unanyooka, na mnyoo wa chambo unaelea juu ya nati mbele ya macho ya samaki. Wazungu wana jina lao la uvuvi huo. Mzee aliuita "nzito chini, tamu juu."

Mimi nimelelewa nyumba ya kubana matumizi. Niliona uzi ni mchache, nikafunga nati kidole kimoja tu chini ya ndoana. Nikatumbukiza. Saa nzima sikuguswa hata na chura. Mzee alikuwa ameshatoa wawili, na kila akimtoa mmoja alikohoa kidogo, kile kikohozi cha kunichokoza. Mwisho akaja, akainua uzi wangu. Mnyoo ulikuwa umevingirishwa matope kama andazi kwenye unga.

"Huyu mnyoo anaona nini?"

"Matope," nikasema.

"Na samaki akimwangalia, anaona nini?"

"Matope."

"Basi wamesalimiana matope kwa matope, wakaachana." Anti akaangua kicheko hadi kiondo kikaanguka. Mzee hakucheka. "Umepima uzi kwa ubahili. Uzi unapimwa kwa kilichoko chini. Ulishusha nati kwanza usikie chini kuna nini?"

"Hapana."

"Sikia sasa. Hapa chini ni tope laini, kiganja kizima, na juu ya tope kuna nyasi. Uzi wako lazima uvipite vyote viwili. Pale ng'ambo ni mwamba mtupu, kiganja kimoja kinatosha. Asubuhi ya baridi samaki wamelala chini, unaweza kufupisha. Jua likipanda na wao wanapanda, unarefusha. Mtu akikuambia uzi uwe mrefu hivi, na hajui chini kuna nini, huyo anakupotezea siku."

Nikafungua, nikapima mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, nikafunga upya. Akaniambia nisivute. Nitikise uzi kidogo tu, kama anayepepea chai, nati ibaki palepale ilipo. Nilitikisa. Baadaye kitu kiligonga mara mbili, polepole, kama mgeni mwenye adabu. Niliinua, na yule bass akatoka majini akiniangalia kwa hasira, mdomo wazi.

Nilifurahi, mwanangu, halafu nikaumia hapo hapo. Mzee alikuwa anapasua samaki kwa kile kisu, damu inachuruzika kwenye lile gunia, na mimi nikakumbuka nilichoandika. Nilijiambia, nikifika nitafuta. Kisha nikajiambia, ah, kitabu ni changu, nani atakisoma? Nitafuta kesho.

Aliyekisoma alikuwa Kioko. Alikuwa akitafuta kiberiti chini ya mto wangu.

Tulipofika langoni wale walinzi wa mtaa walikuwa kama kumi na wawili. Kioko ameshika daftari. Mbele yake jamaa mrefu mwenye kofia ya sufu, wa mtaa wa pili, ambaye wengine walimngoja aseme ndipo waseme. Na nyuma, karibu na mlango wa Mzee Wafula, mmoja ameshika kopo la mafuta taa. Nililiona hilo kopo kabla sijaona kitu kingine.

"Buda, simama hapo hapo. Gunia chini," Kioko akamwamuru mzee.

"Kioko!" Anti akapiga kelele. "Huyo ni mzee wa rika la babu yako!"

"Mathee, tulia. Si mimi nimesema. Ni Syombua ameandika." Akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka pale pa damu. "Na Syombua hawezi danganya. Hata kuongea haongei, ataanzia wapi uongo?"

Wakacheka. Mrefu hakucheka. Aligeuza gunia kwa mguu, samaki wakamwagika mavumbini.

"Samaki wa wapi, na barabara zote zimefungwa? Hii ni ya kutufunga macho. Unapelekea nani habari zetu kila asubuhi? Tunajua nyinyi watu wa Magharibi mnapanga kutuvamia."

"Nimevua," Mzee akasema.

"Umevua wapi, kwa sinki?"

Anti alipiga kelele kwamba naye alikuwepo, alimwona kwa macho yake. Wakamwambia mama anamtetea jirani, ni kawaida. Lakini kitabu hakimtetei mtu. Unaona, mwanangu? Neno langu nililoliandika kimya lilikuwa na nguvu kuliko mama mzima anayelia. Ni mimi tu ningeweza kulivunja. Mzee aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, na afadhali angefanya hivyo.

"Ni mimi nimeandika," nikasema.

"Sema tusikie!"

"Nimeandika mimi! Lakini niliandika kabla sijajua."

"Kwa hivyo ulidanganya."

"Sikudanganya. Kisu niliona. Damu niliona. Sikuuliza ni damu ya nini. Ni ya samaki. Ningeuliza ningejua siku hiyo hiyo, lakini nilikuwa naogopa kuongea na watu."

"Na tutaaminije ya leo tukiacha ya juzi?"

Mfukoni nilikuwa na uzi na ndoana. Nikavitoa, nikaomba nati. Mtu akacheka, mwingine akanitupia moja kutoka kwenye baiskeli mbovu iliyokuwa hapo. Fundo la kwanza lilifunguka. Nikafunga tena. Na nilipokuwa nafunga, maneno yakaanza kutoka, mwanangu, sijui yalikuwa yamekaa wapi miaka kumi na sita. Nikawaambia uzi unarudishwa kwenye tundu. Nikawaambia matope ya pale ni kiganja na nyasi juu yake, na nikawapimia mkono wangu. Nikawaambia kuhusu jua na baridi, na mwamba wa ng'ambo, na kidole kimoja nilichofunga kwa ubahili, na mnyoo uliokuwa kama andazi. Nikawaambia twende sasa hivi, sote, wakiona nimekosa samaki wanifanye watakavyo, lakini lile kopo liondoke mlangoni kwa mzee.

Kisha mmoja akasema, "Manze, huyu dame ameongea kuliko redio." Kicheko kikatoka, kile cha watu waliochoka kukasirika. Mrefu aliokota samaki mmoja, akamnusa, akamfungua mdomo, akatia ngumi nzima ndani. "Huyu kweli si wa sokoni, wa sokoni hana mdomo hivi," akasema, akamrudisha juu ya gunia. Mwenye kopo hakuambiwa kitu. Alitazama huku na huku, akaondoka nalo. Kioko alinirudishia daftari bila kuniangalia usoni.

Ungetaka niishie hapo, lakini sijamaliza. Kabla jua halijatua Mzee Wafula alifunga vyombo vyake. Alikuwa na binti aliyeolewa Riruta, akaamua kwenda huko. Nilimkuta akikunja blanketi, nikamwomba msamaha nikilia.

"Ulichoona kilikuwa kweli," akaniambia. "Lakini ulikitoa kikiwa kimelala matopeni. Ukafanya ubahili wa uzi kidogo, wa kuuliza tu, 'Mzee, unaenda wapi?' Neno moja, Syombua."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Lakini silali hapa. Msamaha ni wangu kutoa. Usingizi si wangu."

Nilimbebea godoro hadi kwa binti yake.

Basi hili ndilo ninalokuachia, mwanangu. Macho yako yakiona jambo, usilipeleke mdomoni wala kwenye karatasi siku hiyo hiyo bila kwanza kushusha nati usikie chini kuna nini. Kati ya kuona na kusema acha nafasi, na nafasi hiyo uijaze kwa swali. Watu watakuambia lisemwalo lipo. Usiwaamini. Lililosemwa juu ya Mzee Wafula halikuwapo, lakini kopo la mafuta taa lilikuwapo. Tena usidhani wakimya hawana hatia. Mimi sikumsengenya mtu hata siku moja kwa ulimi, na bado nusura nichome nyumba ya mtu kwa kalamu. Na ukijua umekosea, usiseme utafuta kesho. Kesho yangu ilisomwa na wengine kabla sijaifikia.

Mungu akupe macho makali, na subira ya kuyangoja yaelewe. Akupe majirani watakaokuuliza kabla hawajakuhukumu. Nawe ukimkosea mtu, Mungu akufungue mdomo siku ile ile, hata kama unatetemeka, hata kama wanakucheka. Uishi mahali ambapo mtu mzima anaweza kulala mlango wake ukiwa umerudishwa tu, bila kufuli. Amina.