Mama Yangu Alivyofika Kordoba

Mama alikuja Ureno kwa mahafali yangu akiwa na karanga za kukaanga, kitenge kipya na blanketi zito mno. Mtu mmoja sokoni Ngara alikuwa amemwambia kwamba Ulaya ni barafu tupu. Ilikuwa Juni. Tulitoka uwanja wa ndege wa Lisboni tukitokwa jasho, mimi nimebeba lile blanketi kichwani, yeye nyuma yangu akicheka.

Sherehe ilipokwisha, zikabaki siku chache kabla ya kurudi kwake. Nikamwuliza angependa kuona nini. Nilidhani atasema Fatima, kule kwa Bikira Maria, kwa kuwa hakosi sala za jumuiya ya kanisa hata mvua ikinyesha.

"Nipeleke kwenye ule msikiti wenye kanisa ndani," akasema.

Niliwahi kumsimulia kwa simu habari za Kordoba, mji wa Hispania ambao zamani ulitawaliwa na Waislamu waliovuka bahari kutoka Moroko. Walijenga msikiti mkubwa ajabu. Wakristo walipouteka mji hawakuubomoa msikiti huo, ila baadaye walisimamisha kanisa katikati yake. Sikujua kwamba habari ile ilikuwa imemkaa moyoni. Ningepaswa kujua. Mama alizaliwa Bisibo, Biharamulo, katika nyumba ya Kiislamu, na babu ndiye aliyemfundisha kusoma Kurani. Alibatizwa alipoolewa na baba, Mkatoliki wa Murukulazo, Ngara. Kaka yake mkubwa hakuacha kututembelea, nasi Idi hatukuwahi kuila nyumbani kwetu. Tulikwenda kuila Bisibo.

Treni na ndege vilikuwa ghali, kwa hiyo tukapanda basi la asubuhi. Nilichemsha viazi vitamu na mayai, nikajaza maji kwenye chupa. Mama alikaa dirishani, pasipoti na kadi ya chanjo mkononi, akinionyesha kila shamba. Mizeituni aliiita kahawa ya Wazungu. Mchana tukavuka daraja refu juu ya mto mpana.

"Mto gani huu?"

"Ndio mpaka, mama. Upande huu sasa ni Hispania."

Akageuka kutazama nyuma. "Na uhamiaji je?"

"Hakuna. Tumeshaingia."

"Hakuna hata mtu wa kutuuliza tumebeba nini?" Yeye mpaka anaoujua ni Rusumo, unaposhuka na mzigo wako, ukapanga foleni, ukajieleza. Akafungua mfuko na kuwagawia karanga abiria wa viti vya jirani, kama mtu aliyesamehewa ushuru.

Tulibadilisha basi Sevilla, na jua lilipokuwa bado juu tukaingia Kordoba. Tulipanga vitanda viwili kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu, chumba kimoja na wasichana watatu wa Kijerumani wenye mabegi makubwa kuliko wao. Mmoja akamwuliza mama kwa ishara, kwenu mnasalimianaje? Mama akamfundisha shikamoo. Kufikia jioni wote watatu walikuwa wakimwamkia kila wanapopishana naye mlangoni, naye akiitikia "Marahaba, wanangu" kwa sauti ya mwenye nyumba.

Asubuhi mapema kulikuwa na saa moja ya kuingia msikitini bure, tukaiwahi. Tulipita kwanza kwenye ua wa michungwa. Kati ya miti kulikuwa na vijifereji vya mawe vya kupitishia maji, na mama akainama kugusa udongo wa shinani. Kisha tukaingia ndani.

Sina namna nzuri ya kulieleza jengo lile. Ni nguzo, na nyuma ya nguzo ni nguzo, na juu yake matao yenye milia myekundu na myeupe, mpaka macho yanapotea kama mtu aliyeingia kwenye msitu wa kupandwa. Watu walikuwa wachache na walinong'ona. Mama alivua kandambili zake, akakumbuka kwamba hapa watu hawavui, akazivaa tena.

Tulifika mbele ya mihrabu, pale imamu alipokuwa akisimama kuswalisha, yote ikimeremeta dhahabu, na maandishi ya Kiarabu yameizunguka. Mama akashika uzio. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Unasoma?" nikamnong'oneza.

"Herufi zake zimepindapinda sana. Lakini lile pale nalijua. Ni jina la Mungu." Machozi yalimtoka huku anatabasamu. "Baba angeniona leo!"

Halafu akanivuta mkono tukaenda hatua chache hadi penye kanisa, akapiga ishara ya msalaba, akaketi kwenye benchi na kujipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Nikaketi karibu naye. Sijawahi kumwona mama ametulia vile, mikono haina kazi yoyote.

Mwaka huu nimerudi nyumbani, nikafanyiwa sherehe Murukulazo. Mjomba alikuja kutoka Bisibo na kanzu yake nyeupe, akaketishwa karibu na akina mama wa jumuiya.

"Dada yangu huyu," akawaambia kwa fahari, "alikwenda Ulaya akaingia msikitini."

"Kanisani, mzee wetu," mama mmoja akamsahihisha kwa adabu. "Alitueleza mwenyewe. Kanisa kubwa."

"Msikiti! Aliniambia mpaka rangi ya matao."

Wakamgeukia mama. Alikuwa ameshika sinia la ndizi, anacheka hata akashindwa kuongea. Ikabidi nitoe simu niwaonyeshe picha. Ilizunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akiikuza kwa vidole kuona upande wake. Mjomba aliitazama muda mrefu kuliko wote.

"Na mnasema kuna basi mpaka hapo mlangoni?" akauliza.

"Lipo, mjomba."

Mama mwenyekiti wa jumuiya akasogeza kiti. "Basi mimi nitabeba mihogo," akasema, na mjomba akamjibu kwamba viazi vinakaa zaidi njiani.